Kisiwa Alikobaki Pacha Wangu

Watu wanaokuja kwangu hapa Kamina kuuliza habari za kile kisiwa cha ziwa Kisale huuliza kwanza habari za ndege. Wamesikia kwamba zamani walikuwa wengi, weupe, hata matawi yalikuwa yakiinama kwa uzito wao kila jioni. Nawajibu kwamba ni kweli, ndege walikuwapo, na kelele zao zilichosha. Halafu narudia kazi yangu, na mgeni anadhani nimesahau. Sijasahau. Ndege sina kesi nao. Kesi yangu ni na watu waliokuja kuwalinda, na zaidi ni na mtu mmoja wa kwetu aliyewatafsiria.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo. Ukisimama upande mmoja ukamwita mwenzako wa upande wa pili, aliitika. Katika Kisale kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Leo viko hapa, upepo ukivuma kesho viko kule, na watu wamejenga juu yake, wanapika na kuzaa humo. Hiki chetu kilikuwa cha udongo wa kweli, mbele ya kijiji cha Sanga, na hakikuhama. Ndiyo maana wazee walikitumia kwa mambo yasiyotakiwa kuhama. Upande wa juu, penye ardhi kavu, baadhi ya familia za wavuvi zilizika watu wao. Upande wa chini, penye tope na matete, waliwekwa mapacha.

Hapa lazima nieleze, maana wajukuu zangu wenyewe hawajui. Katika ukoo wetu pacha hafi. Mmoja akitoka duniani, husemwa kwamba amebaki, basi. Hakuna matanga wala kunyoa nywele. Mama yake akidondosha chozi, au akitaja kifo cha mtoto huyo kwa kinywa chake, amemwita na yule wa pili amfuate mwenzake. Kwa hiyo mtoto huzikwa kimya penye unyevu, karibu na maji, na juu yake hufunikwa chungu kipya, mdomo chini. Baada ya hapo mama anaendelea kulea wawili.

Mimi ni yule wa pili. Kaka yangu alinitangulia kutoka tumboni, na alibaki kabla hatujaanza kutambaa. Nimelelewa naye hata hivyo. Mama akininunulia kitambaa cha gauni, alikata na kipande kingine akakitia sandukuni. Akipakua bukari, ugali wa kwetu, tonge la kwanza liliwekwa kando, na ole wangu nikiligusa. Nilipokuwa mdogo nilimwonea wivu huyu kaka ambaye hakutumwa kuteka maji, hakupigwa, na hakukosea hata siku moja.

Baba alikuwa mtu wa reli, ndiyo sababu tuliishi Kamina, mbali na ziwa. Kila mwaka mvua zilipokwisha, mama alinichukua twende kumsalimu ndugu yangu. Tulipanda treni hadi Bukama, tukashuka mto Lualaba kwa chombo cha watu na mizigo, tukilala juu ya magunia ya samaki yanayonuka, kisha mjomba alitupokea Sanga na mtumbwi wake. Safari ile ilinichosha, nasema kweli. Lakini nilipenda kumwona mama akishuka kwenye tope la kisiwa, kwa sababu pale alikuwa mtu mwingine. Mama huyu, Mkatoliki wa rozari mkononi, aliyemwamkia padri kwa kupiga magoti, alichuchumaa mbele ya chungu, akakipaka udongo mweupe, akamimina pombe ya mahindi, na akaanza kumtukana mwanawe. Pacha husalimiwa kwa matusi, ndiyo heshima yake. Aliimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, akacheka mpaka akashika mbavu, na mjomba mtumbwini alijifanya anatazama ndege. Kisha mama aliniambia niongee na kaka. Mimi nikawa nasema nimepata kidonda, au meno yangu yameota vibaya. Chungu kilikuwa cha mfinyanzi wa Sanga, na mama alikuwa amebonyeza kidole gumba kwenye ukingo wake kikiwa bado kibichi.

Vita vya wazungu vilipokwisha, akaja mzungu wa ndege. Sijui serikali ilimtoa wapi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miguu mirefu na soksi zenye tope, na aliweza kukaa nusu siku nzima akitazama kiota kimoja. Akapenda kisiwa chetu. Mapenzi ya mtu wa namna ile yana hatari, kwa sababu akipenda kitu anataka kukifungia. Ikatangazwa kwamba kisiwa kitalindwa: hakuna kukata matete pale, hakuna kukausha samaki, hakuna kushuka. Lakini yule mzungu hakuwa katili, naye aliona makaburi ya upande wa juu. Akasema kwamba wenye wafu wao kisiwani wataruhusiwa kuvuka mara moja kwa mwaka, siku ya kuwaombea marehemu wote. Wasio na mfu hawana sababu ya kwenda.

Siku ya kuulizwa tulikuwa Sanga, mama na mimi, na sharti hilo tulikuwa hatujalisikia. Nilikuwa tayari msichana wa kubeba ndoo bila kumwaga. Watu walikusanyika ufukweni, mzungu akaketi kwenye kiti cha kukunja, na kando yake akasimama karani aliyetoka naye mjini kwa ajili ya kutafsiri. Alikuwa Mluba kama sisi, msomi wa misheni, suruali yake imepigwa pasi ingawa alikuwa amesafiri siku mbili. Tena alikuwa mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Jina lake lenyewe lilisema hivyo; kwetu anayefuata mapacha tumboni hupewa jina lake maalumu. Mtu huyo alikua akila katika nyumba ambayo tonge liliwekwa kando.

Watu waliitwa mmoja mmoja. Waliokuwa na wazazi wao upande wa juu walisema, wakaonyesha kwa kidole. Ikafika zamu ya mama.

"Mama, weye iko na mufu kule ku kisiwa?" karani akauliza.

Mama akatabasamu. Aliona mtego, akaukwepa. Maisha yake yote alikuwa amejiandaa kwa swali hilo, alidhani limetoka kwa mchawi au kwa mjinga, na jibu lake alikuwa nalo tayari.

"Hapana," akasema, sauti juu, watu wote wasikie. "Minyi sina mufu kule. Hata mumoja."

Karani alimtazama kidogo. Kisha akamgeukia mzungu, akasema kwa Kifaransa kwamba huyu hana mtu. Mama akarudi mahali pake akiwa ameshika kichwa juu, na mimi nilimwonea fahari. Akina mama wengine wa mapacha waliitwa, nao wakajibu vilevile, mmoja hata alitema mate chini kuondoa lile neno. Mzungu aliridhika. Akajua kwamba upande wa juu una makaburi na upande wa chini hauna kitu.

Tuligundua tulichofanya siku yenyewe ya marehemu. Tulifika na pombe yetu na udongo wetu mweupe, askari aliyewekwa kwenye mitumbwi akatuambia sisi hatumo. Mama alidhani ni utani. Alipoona familia nyingine zinavushwa, na sisi tumeachwa tumesimama kwenye matope, alinishika mkono, tukamtafuta yule karani. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya wageni, anakula samaki.

"Weye unayua," mama akamwambia. Hakumsalimu.

"Ninayua, mama." Akafuta vidole. "Lakini muzungu haulize ile minyi ninayua. Anauliza ile weye unasema. Nilimwambia maneno yako, sikuongeza, sikupunguza."

"Mwambie sasa."

"Nitamwambia nini? Sema weye. Sema tu: minyi iko na mutoto kule, alikufa. Ni neno moja. Ukisema, leo leo ninamwambia, na utavuka."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliona anatusaidia. Alikuwa anaamini kwamba mila ile ni giza, kwamba neno moja la kweli litamfungua mama, na labda alijiona amefanya kazi ya Mungu pale. Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mzungu wa ndege hakujua. Asiyejua nimemsamehe nusu. Huyu alijua, akatumia ujuzi wake kama mlango wa kufunga.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akanitazama mimi, kuanzia miguuni hadi kichwani, jinsi anavyotazamwa mbuzi sokoni kabla ya kununuliwa. Akafunga mdomo, tukaondoka. Ile pombe aliimimina ziwani kutoka ufukweni, lakini hakuimba.

Kuanzia siku hiyo nilijua thamani yangu, nayo ilikuwa nzito. Mimi ndiye niliyemzuia mama asimfikie mwanawe. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliendelea kukata vitambaa viwili na kutenga tonge. Mwaka uliofuata tulikwenda tena Sanga, tukasimama ufukweni, akaita matusi mawili matatu juu ya maji, wavulana wa pale wakacheka. Hakwenda tena. Baba alimwambia pesa za treni zimeokolewa. Nilimchukia baba kwa neno hilo, na sidhani kama nilikosea.

Miaka ikapita. Niliolewa na mwalimu wa shule ya Wamethodisti hapa mjini, mtu mwema, mwenye vitabu na miwani, ambaye wazungu walimwita *évolué*, yaani mweusi aliyestaarabika, naye akalipokea neno hilo kama mtu anavyopokea koti la mtu mwingine: lilimbana, lakini alilivaa. Wakati huo kambi kubwa ya wanajeshi ilikuwa imeshajengwa nje ya Kamina, na wazungu wake walitafuta mahali pa kwenda kupunga hewa. Kisiwa kikafunguliwa kwa wageni. Kulikuwa na tiketi, boti yenye injini, na mwongozaji. Chama cha kina mume wangu nacho kikapewa nafasi ya kwenda, ili wasomi weusi waone jinsi nchi yao inavyotunzwa.

Nilimwambia mama tu kama habari. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Tutaingia sawa bageni," akasema, yaani kama wageni.

Nikamwambia hatutaruhusiwa kufanya lolote pale. Akasema hatafanya lolote, atapita tu. Mume wangu hakupenda, lakini mama mkwe ni mama mkwe, akakubali. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Ndani ya kikapu aliweka mayai ya kuchemsha na ndizi, kila kitu sehemu mbili, na mfuko mdogo wa udongo mweupe chini kabisa.

Wazungu walikuwa nyuma ya boti, chini ya turubai, sisi mbele. Tulipokaribia, nilitafuta matete ya upande wa chini, nikaona hayapo. Yalikuwa yamekatwa, tope limefunikwa kwa mbao, na gati limejengwa pale ili wageni wasichafue viatu. Kwa nini wasijenge? Waliambiwa hapana mtu. Juu kwenye makaburi ya wavuvi hawakugusa jiwe, waliheshimu. Mama alikanyaga mbao za kwanza, akasimama. Mtu aliyekuwa nyuma yake akamgonga.

"Twende, mama," nikasema. "Tutazuia watu."

Kutoka gatini ilianza njia safi, iliyopangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kibao kinachokataza kutoka njiani, kugusa mayai, kuokota kitu chochote. Wageni walifurahi. Palikuwa pazuri, siwezi kukataa. Ndege walikuwa wengi kuliko zamani, wametua hadi karibu na vichwa vyetu. Kulikuwa na kibanda cha nyasi chenye benchi, ambapo wazungu walifunguliwa bia baridi. Na kukizunguka kibanda hicho vilipangwa vyungu. Mtu alikuwa ameviokota tope lilipofukiwa, akaviona vizuri, akavigeuza mdomo juu na kuvipandia maua mekundu.

Mwongozaji alikuwa kijana wa kwetu, mwenye kofia na fimbo. Alisema kwanza kwa Kifaransa, kisha akatugeukia sisi.

"Kisiwa hii haikuwe na bantu," akasema. "Ba zamani sana, ba mbele ya bankambo, balipita. Kiisha hapana mutu tena. Ni ndege tu."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kwamba ni watu wa kabla ya mababu tu waliowahi kupita hapa. Mume wangu naye aliitikia. Mama alikuwa ametoka njiani, amechuchumaa mbele ya chungu kimoja, na kidole chake gumba kilikuwa ukingoni, kwenye ule mbonyeo, kinaingia barabara.

"Mama, rudia mu njia," mwongozaji akasema kwa adabu. "Hapana ruhusa."

Mama akasimama. Nilijua anachotaka kusema kabla hajasema, na nikafanya kitu ambacho sikukitarajia: nikamshika mdomo. Mimi, mwanamke wa mjini, mke wa mwalimu, niliyekuwa nikiwaambia rafiki zangu kwamba mambo yale ni ya wazee. Niliogopa kufa. Akautoa mkono wangu taratibu, kama anavyoutoa mkono wa mtoto kwenye sufuria.

"Minyi iko na mutoto hapa," akasema. "Mutoto yangu alikufa. Munakanyaga juu yake."

Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile kabla wala baada. Kilikuwa kilio cha tangu siku ya chungu, cha zaidi ya miaka ishirini, na hakikuwa na sauti moja. Yule kijana wa kofia aliziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma, akanitazama mimi kwa huruma, maana alielewa kilichotamkwa, na kwamba mimi ndiye niliyetamkiwa. Ndege waliruka wote kwa pamoja. Mzungu mmoja mwanamke alisogea, glasi mkononi, akamwuliza mume wangu huyu bibi ana nini. Uso wake ulikuwa na wema. Naamini kama angeambiwa, angekaa chini na mama.

Mume wangu alirekebisha miwani. Akamwambia kwa Kifaransa kwamba mama mkwe wake amechoka na safari.

Nikajua nimeolewa na karani mwingine. Niliishi naye miaka mingi baadaye, nikamzalia, nikamzika kwa heshima, na jambo hilo sikumwambia kamwe. Nawaambia ninyi.

Tulirudishwa botini kabla ya wengine. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale wageni walikuja, na mwenyeji aliombwa akasubiri kwenye boti. Nilikaa mbali na mama. Nilikuwa na hasira naye, sina haja ya kuficha. Alikuwa amenilinda maisha yangu yote kwa kunyamaza, na sasa alikuwa ameniweka rehani mbele ya watu wanaokunywa bia, kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi hata kumwita mama. Alikula yai moja. Lile la pili alilishika muda mrefu, halafu akalimenya, akalila nalo.

"Sasa njo amekufa," akasema, bila kunitazama. "Alikuwa angali muzima. Leo njo amekufa."

Tulipofika Kamina hakungoja. Asubuhi aliita jirani amnyoe nywele. Akatandika mkeka sebuleni, akafungua sanduku, akatoa vile vipande vyote vya vitambaa, vya gauni langu la kwanza, vya komunyo yangu, vya arusi yangu, akavipanga mbele yake, akaketi chini. Baba alirudi kutoka kazini, akakuta nyumba ina matanga, akauliza amekufa nani. Aliposikia jibu aliketi mlangoni, akavua kofia.

Majirani walikuja, kwa sababu matanga ni matanga, mtu haulizi kwanza. Wanawake waliketi ukutani, wakaanza kulia kama inavyopasa. Mmoja wao, mgeni mtaani, mke wa fundi aliyehamishwa kutoka Luena, hakujua habari zetu. Alisogea akamshika mama bega.

"Pole, mama," akasema. "Mutoto alikuwa na miaka ngapi?"

Mama akainua kichwa chake kilichonyolewa. Akatazama watu wote waliokuwa mle ndani, mmoja baada ya mwingine, mpaka akanipata nilipokuwa nimesimama na sinia la vikombe, akanyoosha mkono kunionyesha.

"Sawa huyu," akasema.